Hakufa, Bwana

Nyumba ile niliiona kwenye gazeti la picha, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, viatu nimevua, nakula mkate wa yai. Ilikuwa saa saba mchana na nilikuwa na dakika ishirini za kupumzisha miguu kabla ya kurudi wodini. Hospitali nilikokuwa nauguza, pale Lewisham, ilikuwa ikipewa magazeti ya zamani ili wagonjwa wapoteze muda: farasi, mbwa, mabibi waliovaa kofia. Nikafunua ukurasa, nikakutana na veranda. Niliijua kabla sijasoma hata herufi moja. Nguzo ya tatu ilikuwa imepinda pale trekta lilipoigonga, na mimi nilikuwepo siku lilipoigonga.

Lilikuwa tangazo la kuuza. Shamba kongwe la mkonge na ng'ombe, Kenya, chini ya vilima vya Taita. Nyumba ya mawe yenye vyumba sita. Mto usiokauka. Toba! Mto ule ulikauka kila mwaka, na sisi watoto ndio tuliokuwa tukifukua mchanga kwa vibuyu hadi maji yachungulie. Halafu sifa kubwa: ardhi pana ya kuwindia, yenye nyati, pofu na tandala, furaha ya kila mpenda bunduki. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba shamba litakabidhiwa kwa mnunuzi likiwa tupu.

Tupu! Mama yangu alikuwa anaishi humo. Kambi ya wafanyakazi, nyuma ya ghala la mkonge, nyumba ya nne, udongo na bati, mpapai mlangoni na kuku wasiohesabika kwa sababu hawakai kitako. Hakuwa na pengine pa kwenda. Niliuchana ukurasa ule mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kupigwa picha ya kifua, akanitazama kama mwizi, nami nikamtazama vilevile.

Mwenye shamba tulimwita bwana. Jina alikuwa nalo, lakini sitalitia mdomoni mwangu.

Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyepanda bara kutafuta kazi, akaipata ya kusoma nyayo na kubeba bunduki ya pili. Kambini tulikuwa makabila saba na tulielewana kwa Kiswahili, ndicho kilichonilea. Ila kulikuwa na Kiswahili, na kulikuwa na kile cha bwana. Masetla walijitengenezea chao cha kuamrishia watu: lete hii, peleka ile, upesi. Kukataa kwao kote kulikuwa neno moja tu, hapana. Hapana taka. Hapana jua. Hapana kuja. Wafanyakazi wote walimsemesha hivyohivyo ili mambo yaende. Baba peke yake aligoma. Alimwambia bwana "sijui" na "hawajafika" na "hakutaka", maneno yamenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Mama akimwambia alegeze kidogo, anajibu, "Nikimsemesha kitoto, mwishowe atanifanya mtoto." Wenzake walimcheka, wakamwita mwalimu.

Nilikuwa na miaka kumi. Bwana alimpiga nyati risasi, nyati akaanguka kwenye kichaka. Baba akamtazama, akaona sikio linacheza, akasema, "Hakufa, bwana." Mtu yeyote aliyenyonya Kiswahili anajua hapo amesema nini: nyati yu hai, usisogee. Lakini sikio la bwana lilizoea hapana kufa. Kama hakuna hapana, basi lililobaki ni kufa. Akatoa risasi kwenye bunduki yake, akachomeka kiko mdomoni, akaenda zake kuangalia pembe. Baba akamkimbilia nyuma, akamshika shati. Bunduki aliyobeba baba haikuwa na kitu ndani, maana amri ya bwana ilikuwa mtu mweusi asibebe bunduki yenye risasi. Nyati akainuka. Bwana alipanda mti. Baba hakuwahi.

Yote hayo mama aliyapata kwa mchunaji ngozi aliyekuwa nyuma yao hatua chache. Alikuja usiku wa matanga, akamwambia mama sikioni, kisha hakuyasema tena kwa mtu hadi alipokufa mwenyewe. Bwana alikuja mchana, na yeye alisema kwa sauti. Alisimama mlangoni petu, mguu mmoja juu ya kizingiti, akamwambia mama, "Yeye nasema kufa. Mimi nasikia. Makosa yake." Ndivyo ilivyoandikwa polisi pia. Na ndivyo baba alivyobaki kambini, yule msoma nyayo aliyeshindwa kutofautisha nyati mzima na mzoga. Shuleni watoto walikuwa wakilala chini mbele yangu, wananiuliza, "Eti, nimekufa au sijafa?" Niliwapiga wengi. Mama akapewa ruhusa ya kuendelea kukaa nyumba ya nne, kwa sharti afue nguo za bwana. Akazifua. Miaka na miaka alianika kwenye kamba mashati ya mtu yule, na mimi nikikaa chini kumpa vibanio, nikiapa kwamba siku moja nitamshika. Sikujua kwa kitu gani wala kwa vipi. Nilijua tu nitamshika.

Uhuru ulipokuja bwana alibaki miaka michache, halafu akarudi kwao akaacha meneja. Mimi nikapata nafasi ya kusomea uuguzi London. Sitadanganya: wengine walikuja kutafuta maisha. Mimi, kila nilipopanda basi nikaona mzee mrefu mwenye kiko, niliinama kuchungulia sura.

Sasa nikawa na anwani ya mawakala, na tangazo, na mama wa kutolewa nje. Sikuwa na hela ya kununua hata lango la shamba lile. Lakini nilimjua mtu.

Kila Jumamosi ya pili nilivuka jiji zima hadi Kingsbury, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Mombasa, kununua unga, nazi na mhogo. Yule alikuwa Mswahili kuliko Waswahili wengi niliowakuta London. Akipima dengu anakutania, akikurudishia chenji anakuuliza habari za nyumbani. Alinung'unika mwaka mzima kwamba baridi inamuua, na kwamba ndugu yake aliyebaki Mombasa na pasipoti ya Kenya anatafuta ardhi walete watalii wa kuwinda. Nikamwekea ukurasa juu ya mizani.

"Bhai, hii hapa. Nimezaliwa humo. Najua kila shimo."

Akavaa miwani. Akasoma, akasoma tena. "Mto haukauki?"

"Unakauka. Ndiyo maana unanihitaji."

Tukaelewana palepale kati ya magunia. Mimi nitaenda naye kama karani wake, nitasikiliza, na bwana akidanganya nitamwandikia kikaratasi. Yeye akinunua, ataandika kwenye mkataba kwamba watu wa kambini hawaguswi. Akaapa kwa mama yake. Nilimwamini, na hadi leo naamini angetimiza. Sikumwambia habari ya baba. Nilijiambia haimhusu. Ukweli ni kwamba niliogopa angeniacha nyumbani.

Tulikwenda siku ya Jumatano, saa tisa alasiri. Bwana alikaa ghorofa ya kwanza kwenye mtaa wa nyumba nyeupe, ngazi zimesuguliwa hadi zinateleza. Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amenywea, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini ni yeye. Alimpa mwenye duka mkono. Mimi alinipa koti la mwenye duka nilitundike.

Aliposikia natoka Kenya alifurahi, akaanza na mimi kile Kiswahili chake. "Wewe natoka wapi?"

"Pwani," nikamjibu.

"Pwani muzuri. Moto sana." Akamgeukia mwenye duka, akamwambia kwa Kiingereza kwamba lugha hii haimtoki, ameishi nayo miaka thelathini, anaiota. Hakunitambua. Angenitambuaje? Nilikuwa mtoto mmoja kati ya watoto wa nyuma ya ghala, na yeye alitutazama kama mtu anavyotazama kuku wa jirani.

Mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Akatandaza ramani, akasifu mto. Nikaandika: hukauka. Mwenye duka akabana macho, akauliza habari za mto, bwana akababaika, bei ikateremka. Akasifu barabara. Nikaandika: trekta tu. Ikateremka tena. Hata watu wa kambini, mwenye duka alipowataja, bwana alipunga mkono tu, akasema ni juu yako, ukitaka wabaki wabaki. Nusura nicheke kwa furaha. Mama yangu alikuwa amebakiwa na saini tu, na saini ilipangwa Ijumaa, mbele ya mwanasheria. Chai ikamiminwa. Tulikuwa tumemaliza. Tungekunywa ile chai tukaondoka.

Mwenye duka, kwa heshima tu, akainua kidole akaonyesha pembe za nyati zilizotundikwa juu ya meko. Akasema, kubwa hizo.

Bwana akaweka kikombe chini, akasimama. Nilijua kinachokuja.

Akalisimulia. Alilisimulia kama mtu aliyelisimulia kila mwaka kwa kila mgeni, akijua wapi pa kunyamaza na wapi pa kuinua nyusi. Kichaka, jua, nyati anaanguka. "Nilikuwa na msoma nyayo," alisema, "mtu wa pwani, mwenye maringo, lakini hodari, mpaka siku ile. Nikamuuliza, yu hai au amekufa? Nayakumbuka maneno yake kama jana. Aliniangalia machoni, akaniambia waziwazi," na hapo akageuza sauti, akamwigiza baba yangu, shingo juu kidogo, kila silabi mahali pake: "'Hakufa, bwana.'"

Mwenye duka alipaliwa na chai.

Wallahi nimekaa na maiti wengi kazini kwangu, lakini sijawahi kumsikia mmoja akisema. Baba alikuwa ndani ya mdomo wa mtu yule. Mzima, na herufi zake zote. Miaka kumi na sita bwana alikuwa amelibeba neno lile bila kulidondosha hata irabu, akilitoa mezani kwa kila mgeni kama ushahidi wa ujinga wa baba, na lilikuwa ushahidi wa kumfunga yeye. Tulimtafuta shahidi wa kusema kwa sauti mimi na mama, kumbe shahidi ni mwenyewe.

Mwenye duka alinikanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa amelielewa neno, na akaona uso wangu, akajua kuna jambo. Kukanyaga kule kulisema: Ijumaa. Nyamaza mpaka Ijumaa. Nami nilimfikiria mama. Nasema kweli, nilimfikiria. Niliuona mpapai, nikaliona bati. Halafu nikayaona mashati kwenye kamba.

"Samahani," nikasema kwa Kiingereza, sauti ya nesi, laini. "Alisema nini? Sikusikia vizuri."

"Hakufa, bwana."

"Una hakika hakusema amekufa?"

"Binti, nilikuwa karibu naye kama nilivyo na wewe. Hakufa. Hakufa, bwana." Alipendezwa kuulizwa. Alilirudia mara tatu, mwenye duka akiwa shahidi.

Nikasimama. Nikaacha Kiingereza. Nikamsemesha kile chake, kile baba alichokataa mpaka kikamuua, polepole, neno kwa neno, ili asipate pa kujificha.

"Bwana, hakufa ni hapana kufa. Yeye nasema, nyama hapana kufa. Yeye nasema wewe, hapana kwenda. Wewe nasikia mbaya. Makosa yako."

Kwanza alitabasamu, akadhani ni mzaha. Akamwangalia mwenye duka amsaidie kucheka. Mwenye duka alikuwa anatazama zulia. Ndipo nikauona mdomo wa bwana unachezacheza, analijaribu neno kimyakimya, anaondoa kipande cha mbele, anakirudisha. Alilipata. Niliona lilipomwingia, maana mkono wake ulitafuta kiti na kiti kilikuwa upande mwingine.

"Wewe ni nani?" aliuliza, na safari hii aliuliza sawasawa, Kiswahili safi, sijui alikitoa wapi.

"Mimi ni binti yake. Mama yangu ndiye aliyekufulia mashati."

Akaniambia nitoke. Nikamwambia nitatoka, ila kuanzia leo akilisimulia lile atajua anachosema. Akapiga kelele sasa, akasema shamba lake hatawauzia, si mimi, si Mhindi wangu, atauza kwa mtu atakayefagia kambi nzima hadi kuku wa mwisho. Nikajitundulia koti langu na la mwenye duka. Nilishuka zile ngazi kichwa juu, na moyo wangu ulikuwa unaimba, sitaficha.

Kwenye treni ya chini kwa chini mwenye duka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasema, "Dada, pole na baba. Mwenyezi Mungu amrehemu." Akanigeukia. "Siku mbili. Si ungengoja siku mbili tu? Ungemtukana Jumamosi, ningekusindikiza mwenyewe."

Nikafunga vifungo vya koti.

"Sasa mama atalala wapi?" akauliza.

Kuimba kule ndani kulikatika kati ya stesheni mbili. Nilikuwa nimemshika bwana kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nimemtoa mama yangu ndani ya nyumba.

Shamba lilinunuliwa na mtu mwingine, mpenda bunduki. Kabla ya mvua za masika alileta lori na watu wenye nyundo, wakabomoa kambi kwa siku mbili. Mama alihamia Voi mjini, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya stesheni ya reli, kuku wawili. Haukupita muda serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, na yule mnunuzi akabaki na pori la kutazama. Nilipolisoma gazetini nilicheka peke yangu jikoni kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimtakia bwana alisome na yeye. Lakini kicheko hakimjengei mtu nyumba.

Nilikaa miezi bila kumwambia mama kwamba ni mimi. Nilimtumia hela, nikamtumia blanketi, nikamtumia uongo. Mwishowe nikashindwa. Mama hakujua kusoma, na jambo hili sikutaka lisomwe na mtoto wa jirani, kwa hiyo nikaazima kinasa sauti, nikajifungia, nikayasema yote kwenye kaseti. Sikujipamba. Nilimwambia nilikuwa na nyumba yake mkononi, nikaibadilisha kwa maneno machache. Nilimwomba radhi mara ngapi sijui. Nesi mwenzangu aliyekuwa anakwenda likizo akaipeleka, na akarudi na kaseti ya mama.

Sikuisikiliza siku ile. Niliiweka juu ya kabati, nikaikwepa wiki nzima. Nilisubiri Jumapili asubuhi, wenzangu wote wamekwenda kanisani, nikakaa kitandani na kubonyeza kitufe.

Alinisalimu. Akanipa hali ya goti, hali ya kuku, tabia mbaya za mke wa mwenye nyumba. Treni ya mizigo ikapita nyuma yake, akaingoja iishe. Nikashika ukingo wa kitanda.

"Sasa hilo lako," mama akasema. "Nimelisikiliza mara nne, mwenye redio anaidai redio yake. Mwanangu, unalia nyumba, nyumba, nyumba. Nani kakuuliza nyumba? Ile nyumba nilikaa kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na kila nilipolala nilinusa sabuni ya mashati ya mtu yule. Kubomolewa kwake sijakulilia hata tone. Lakini pale uliposema naye, mbona umepaharakisha? Umeruka, umekimbia, kama unaungua. Alikaa au alisimama? Ulipomwambia wewe binti wa nani, alikutazama au alitazama chini? Mikono yake ilifanya nini? Nunua kaseti ndefu, unisimulie taratibu, usiniruke na kitu. Na uniambie, mwanangu, kama alilia."

Hakulia. Jumatatu nilinunua kaseti ndefu kuliko zote dukani, nikamwambia mama kwamba alilia.